Watani Wetu wa Norwei

Hosteli ya Wasichana,
Somanga,
17 Mei 2025.

Dada yangu Veronika,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho baada ya Pasaka kimekuacha. Wagonjwa wako wa zahanati hapo Songo Songo wanaendeleaje? Mimi mwilini sijambo. Moyoni nimechoka, dada. Nimechoka na shule nzima, kuanzia vishikwambi mpaka mimi mwenyewe. Barua nampa Mama Sada, anayevuka kesho kufuata samaki. Simu wanafunzi haturuhusiwi, na maneno yenyewe si ya kusema kwa simu ya kuazima huku matroni amesimama pembeni.

Unakumbuka nilikusimulia mpango wa Mwalimu Scholastica wa Kiingereza, wa kutuunganisha na shule moja ya Norwei. Alisema mtoto akijua kuna mtu anasubiri kusoma alichoandika, ataandika. Tukaletewa vishikwambi kumi na viwili. Vinavyowaka ni vitano, na kimoja kioo kimepasuka hivi kwamba kila Mnorwei anaonekana ana kovu usoni. Mtandao unatoka kwenye simu ya mwalimu, nayo inashika ikining'inizwa dirishani tu. Mumewe akipiga kuuliza ufunguo uko wapi, Norwei yote inakatika.

Juu ya hayo nimefanywa katibu. Eti kwa sababu ninasoma sana. Basi kila Jumatano mchana darasa zima linanirundikia maneno yake niyatafsiri. Angela anataka niulize kama kwao wanachota maji. Ismael kila wiki anataka niombe viatu vya mpira, na kila wiki namwambia hatuombi vitu, naye ananijibu kwamba haombi, anauliza tu kama vipo. Nikikataa wananiita Bibi Kamusi. Nikikubali wananiita hivyo hivyo.

Lakini lazima niseme ukweli, mpango ulifanya kazi, na aliyebadilika kuliko wote ni Nurdin. Huyu ni Mngindo wa Liwale, anakaa hapa kwa mjomba wake. Mwaka jana alikuwa anatoroka vipindi kwenda kuuza korosho kwa abiria wa mabasi, na walimu walishamkatia tamaa. Wanorwei walipoanza kuonekana kwenye vioo akarudi, kwanza siku za Jumatano peke yake, baadaye wiki nzima. Akaanza hata kuazima kamusi yangu, akiirudisha inanuka moshi wa korosho.

Mwezi wa pili, msichana mmoja wa kule anayeitwa Solveig alimleta babu yake mbele ya kamera. Mzee mrefu, mvuvi aliyestaafu, kashika samaki mkavu mkubwa kama mlango wa kabati, anamgonga mezani tusikie alivyo mgumu. Darasa lililipuka: kumbe na wazungu wanakula ng'onda! Nurdin akasimama juu ya benchi akatangaza kwamba kuanzia siku ile hao ni watani wetu, maana mtu anayekula ng'onda na kukaa kwenye barafu kwa hiari yake hawezi kuachwa hivi hivi. Akamtaka mzee aturudishie samaki wetu aliyetuibia. Nikatafsiri. Mzee alicheka mpaka akavua miwani, akajibu tumfuate wenyewe kama tuna makoti. Tangu hapo, kila Jumatano wawili hao walikuwa wanatukanana, na mimi katikati, natafsiri matusi kwa Kiingereza sanifu.

Mwisho wa Aprili Solveig akaandika kwamba babu amefariki.

Mwalimu alituagiza tuandike maneno ya pole, kisha akaitwa kwenye kikao cha walimu. Nurdin akasema pole ni ya majirani, mtani hapeleki pole. Wewe unajua, dada. Unakumbuka kwenye msiba wa bibi, watani walivyojilaza mlangoni jeneza lisitoke, na mama, ambaye alikuwa hajatamka neno tangu asubuhi, akacheka? Nurdin alitaka kuwafanyia hivyo. Akavaa koti la mlinzi, akatengeneza miwani ya waya, akatembea kama mzee, akagonga ng'onda kwenye dawati, kisha akajilaza na pamba puani. Ismael, kishikwambi mkono mmoja, akawa anamvuta mguu kwa mkono wa pili: "Amka mzee! Unajifanya umekufa usiturudishie samaki!" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nurdin alipoinuka alikuwa anafuta machozi, machozi ya kweli, lakini Ismael alikuwa ameshazima kamera.

Video ikaenda. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili, ikaja barua kutoka kwa mwalimu wao kwenda kwa mkuu wetu wa shule. Solveig alilia mbele ya darasa lake, wazazi wameghadhabika, na mpango umesimamishwa. Mkuu aliisoma paredi Jumatatu iliyopita, akauliza nani. Nurdin akatoka mstarini peke yake. Akaulizwa yale maneno ya Kiingereza chini ya video ameandika nani. Akatazama chini, akasema ameandika yeye. Mwalimu Scholastica akanigeukia mimi. Anajua Nurdin hajawahi kumaliza sentensi ya Kiingereza bila kosa. Mimi nikatazama viatu vyangu. Nurdin akasimamishwa shule, na mjomba wake akasema afadhali, korosho haziulizi cheti.

Sasa nakueleza nisichomweleza mtu hadi jana.

Nurdin hakutaka ile video iende mikono mitupu. Aliniomba, tena mara mbili, niwaeleze kwanza utani ni nini, wasije wakadhani tunamcheka marehemu. Nikaandika. Aya nzima, dada, ya jinsi mtani anavyokuja msibani kwa sababu anampenda marehemu kiasi cha kumgombeza. Nikaisoma, ilikuwa nzuri. Kisha nikaifuta. Nikabakiza maneno ya Ismael peke yake, nikatuma.

Tangu Januari nimemwandikia Solveig barua ndefu kumi na moja. Kila moja alinijibu mistari miwili, na mstari wa pili siku zote ulikuwa: yule mvulana wa kuchekesha hajambo? Nilitaka siku moja tu waone Nurdin alivyo pasipo tafsiri yangu. Ndivyo nilivyowaza. Sikuteleza kidole.

Jana nilimwambia Mwalimu Scholastica. Hakunigombeza. Aliuliza kama aya ile bado ninaikumbuka. Ninaikumbuka neno kwa neno. Nikaiandika upya, nikaongeza kwamba niliifuta mwenyewe, nikaweka jina langu, naye akaituma Norwei. Jibu halijaja, na huenda lisije. Mkuu amesema Jumatano nirudie maneno hayo paredi, mbele ya shule nzima, mimi ambaye kujibu "nipo" tu sauti hukwama, na nije na mzazi au mlezi. Baada ya hapo ataamua habari ya Nurdin.

Jioni nilikwenda kumweleza Nurdin pale mabasi yanaposimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Tangu kidato cha kwanza yeye Mngindo na mimi Mmakonde, watani wa asili, hatujawahi kupeana salamu ya adabu. Aliweka sinia chini, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nashukuru kwa kunieleza, dada Benadetha." Akachukua sinia akakimbilia basi. Dada! Angenipiga kofi ningelala.

Baba sitaweza kumwambia kabla ya Jumatano. Nakuomba uje wewe. Usinitetee kwa mkuu, kaa tu mahali nikuone. Ila ukishuka kwenye boti, kabla ya kuja shuleni, mtafute Nurdin. Usimwombe radhi kwa niaba yangu, hiyo ni kazi yangu. Wewe ni Mmakonde, mtukane tu. Mtukane vizuri, mpaka akujibu.

Nisalimie sana shemeji, na usisahau kunywa dawa zako mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Benadetha Likwata,
Kidato cha Tatu B.