Pampu ya Baba Njeri

Jumatatu, 3 Februari
Uji, dawa, kumgeuza, kumwosha. Kisha shamba. Pampu imewaka, ikakohoa moshi mweusi, ikazima. Nimevuta kamba mpaka bega likakataa. Nyanya ziko kwenye maua na mvua haijulikani iko wapi. Nimemwagilia kwa ndoo kutoka mtoni, mistari ya chini tu. Mgongo umekwisha.

Mume wangu, Baba Njeri, ndiye aliyeijua hii pampu. Tangu kiharusi kimpige, mkono wa kulia na maneno vyote vimeenda. Mimi najua kuvuta kamba.

Jumanne, 4 Februari
Wanjiru, dada yake, amepiga simu kutoka Ruiru. Anasema nyanya zikikauka, nimpeleke Baba Njeri kwake, mimi nikatafute kibarua kwenye mashamba ya maua Thika. Ameongea kwa upole. Hilo ndilo limeniudhi zaidi. Halafu nimeona kuna sehemu yangu inayotaka kusema sawa, mchukue. Nilale usiku mzima hata mara moja. Nimeandika na sifuti.

Jumatano, 5 Februari
Nimebeba pampu kwa bodaboda hadi kwa Otieno, fundi wa Juja. Amefungua kabureta, nikamwambia anionyeshe, sitaki kurudi kwake kila wiki. Kumbe si uchawi. Chini kuna bakuli la petroli, na ndani boya linaloziba njia bakuli likijaa, kama tangi la choo. Juu kuna koo jembamba. Injini ikivuta pumzi, hewa inapita hapo mbio, inafyonza petroli kupitia katundu kadogo, vinachanganyika, ndipo vinaenda kuwaka. Katundu hako ndiko jeti. Amekasafisha kwa unywele wa brashi. Imewaka hapo hapo, sauti safi. Karibu nimkumbatie.

Alhamisi, 6 Februari
Nimerudishia kila kitu mahali pake, nikashuka mtoni. Moshi mweusi. Ikazima. Nimelia hapo kwenye matope. Otieno kwa simu: petroli yako ni chafu, mama. Nimemwaga, nikanunua ingine. Vile vile. Majani ya mistari ya juu yamejikunja.

Ijumaa, 7 Februari
Nimeleta pampu nyumbani, nikaiweka mlangoni karibu na kiti cha Baba Njeri ili nimwangalie nikifanya kazi. Nikaiwasha, moshi ukajaa. Akaziba pua kwa mkono wa kushoto. Nikadhani ni harufu, nikamsogeza. Akaziba tena. Nikamsogeza tena. Akapiga kelele, ile sauti yake isiyo na maneno, akabamiza kiti. Nikamfokea. Nimemwambia kama anajua sana, ainuke aitengeneze.

Hajala jioni. Nami sikumbembeleza.

Jumamosi, 8 Februari
Amekataa uji pia. Nikaweka kijiko chini, nikamwambia haya, nionyeshe basi. Akaziba pua yake. Kisha akanyoosha mkono akaziba yangu, na mdomo pamoja. Nikakosa pumzi, nikamsukuma. Akanitazama, halafu akatazama pampu.

Ngai, Mungu wangu! Hewa!

Lori za mawe zinapita hapa Kalimoni siku nzima, vumbi lake kama unga. Sponji ya kuchuja hewa ilikuwa imeoza. Mwezi uliopita nikafunga pale kipande cha sweta kuukuu ya Njeri, binti yetu, nikakikunja mara mbili ili pampu isile vumbi. Nilijiona nimeitunza. Jumatano kabla ya kwenda Juja nilikitoa nikakifua, ndiyo maana kwa Otieno iliwaka vizuri. Alhamisi nikakirudisha, tena kikiwa bado na unyevu. Sisi wote tunalaumu petroli, kumbe petroli haina neno, imezidi tu kwa sababu hewa haiingii. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naikaba koo.

Nimenunua sponji mpya. Maji yamefika mistari ya juu. Nimemwomba msamaha. Amekula.

Jumapili, 9 Februari
Sikuenda kanisani. Mistari ya juu kabisa imekufa, nimeing'oa. Ingine imesimama. Wanjiru amepiga. Nimemwambia atabaki hapa. Akauliza kama nina uhakika, nikasema sina, lakini atabaki.

Alasiri nimemkalisha kwenye wilbaro juu ya blanketi, nikamsukuma pole pole hadi mtoni. Nimewasha pampu. Ilikuwa inanguruma vizuri, mimi niliona yatosha. Yeye akainamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu, akanyoosha mkono. Nikampa bisibisi. Ikateleza, ikateleza tena. Nilitaka kumshikia, nikajizuia. Akapata skrubu ya kabureta, akaigeuza kidogo. Sauti ikashuka, ikatulia.

Tangu augue namfanyia kila kitu. Leo amenifanyia kitu.

Nikakaa chini kwenye majani karibu naye. Hatukuwa na haraka ya kurudi.