Mbuzi Wetu Kifuani

Dada yangu wa mbali,

Sisi wazima. Paa halivuji tena, na paka wako kanenepa hadi dirisha linamshinda kuruka.

Duka langu la mtandaoni unalijua: mimi nachora tu, fulana huchapwa kiwandani mteja akishaagiza. Baba aliliita duka la hewa, na tangu niache kazi ya ofisini alikuwa hanisemeshi.

Jana kwa kinyozi kamkuta mtu asiyemjua kabisa, kavaa fulana yangu, kifuani yule mbuzi wetu wa zamani mwenye pembe iliyovunjika. Karudi mbio, kasimama mlangoni kwangu.

“Pembe iliyovunjika ilikuwa ya kushoto,” akasema. “Irekebishe, kisha uniagizie yangu.”

Dada, nilicheka huku machozi yananitoka.

Mdogo wako,
mwenye duka la hewa