Chupa Mbili Mtungini: Kwa Mama Yetu, Koleta Ngassa

Mwaka umetimia, Mama, tangu tulipokusindikiza makaburini siku ile ya Alhamisi yenye vumbi. Nyumba yako ya Ipuli ipo. Paa la jiko limebadilishwa. Kuku wako wamebaki wanne, wengine tuliwachinja kwenye arobaini yako, na usingependa walivyopikwa.

Anayeandika ni mwanao Raymundi, kwa niaba ya wote. Baba alitaka tutoe gazetini picha na tarehe, basi. Juzi akabadili mawazo, akasema niandike na lile la mvinyo, lote, bila kumficha. Nitalifikia.

Kwa miaka ishirini na sita ulionja asali kwenye ghala la wafugaji nyuki. Madebe yakifika, unachovya kijiti, unakiweka ulimini. Kisha unasema: hii ya miyombo, hii imevunwa mbichi, hii imeingia maji. Kipimo cha kioo kilikuwepo pale ghalani, lakini watu walikusubiri wewe.

Tunamkumbuka yule mzee aliyekuja kwa treni kutoka Tura na madebe matatu ya asali inayonuka moshi. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake. Hukusema neno mbele za watu. Ulimwita pembeni, ukampa kiti, ukamwambia taratibu kwamba moshi umezidi, asali hiyo awauzie wapika wanzuki, ile pombe ya asali, na msimu ujao asifukuze nyuki kwa kuni mbichi. Alirudi kila msimu, na kila mara alikuamkia shikamoo ilhali yeye ndiye mkubwa. Ulichoka kumkatalia, ukawa unaitikia marahaba.

Mvinyo uliuanza baada ya kustaafu. Binti yako Josepha alikuwa ameolewa Dodoma, kwenye zabibu, akakutumia chupa mbili kwa mhudumu wa treni, moja nyekundu na moja nyeupe. Treni ilichelewa kwa saa tisa, nasi tukanung'unika pale stesheni. Ukatuambia kwamba njia hiyohiyo babu zetu waliipita kwa miguu na pembe za ndovu begani, sisi mzigo unaletwa na behewa na bado tunalalamika. Tangu hapo, kila wiki zikawa zinakuja mbilimbili.

Jumapili baada ya misa na chakula cha mchana, meza ilitolewa uani. Wengine hunywa ili wachangamke. Wewe ulionja kana kwamba kuna debe la mtu linasubiri jibu. Ulituonyesha kwamba mwekundu unakausha ulimi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, kwa sababu umelala na maganda ya zabibu, na kwamba mweupe unaita mate kama ukwaju. Ulijaribu kila mmoja na chakula chetu. Mweupe ulikubali matobolwa, viazi vitamu vyetu vya kukausha, na kuku wa kienyeji. Mwekundu ulikubali nyama ya kuchoma na maharage, ila ukiunywa na migebuka, wale samaki wa Kigoma, unaacha ladha ya msumari mdomoni. Hilo tulilithibitisha wote, na hakuna aliyerudia.

Wewe ulikuwa wa mweupe. Baba, yaani Nestory mumeo, alikuwa wa mwekundu, akisema mweupe ni maji yaliyopita karibu na zabibu. Ukamwambia hawezi hata kuitofautisha akifungwa macho. Akakujibu kwamba hata wewe huwezi. Ndipo mchezo ulipoanza.

Ulihitaji shahidi, maana sisi watoto tulikuwa tunakonyezana. Ukamwita jirani yetu, Mzee Sadiki, fundi cherehani mwenye duka lake kule Mtendeni. Mzee Sadiki hanywi na hagusi chupa, dini yake haimruhusu, na ndiyo sababu ulimtaka. Ulimwambia yeye ndiye hakimu kwa kuwa hana chama. Alikuja na birika lake la kahawa, akakaa mbali kidogo na meza, na kazi yake ilikuwa kukufunga kanga machoni na kusema kweli. Alisema fundo lake halipitishi mwanga, na kweli halikupitisha.

Sharti lako lilikuwa moja. Chupa zote mbili zilale kwenye mtungi wa maji wa nyuma ya jiko, tangu asubuhi, zitoke na ubaridi uleule. Friji ilikuwepo, lakini ulisema inaua harufu. Tulipokuuliza kwa nini nyekundu nayo ipozwe wakati watu hawaipozi, ulijibu, "Moja ikiwa baridi na nyingine isiwe, kidole kitajibu kabla ya ulimi. Hapo nitakuwa nimeonja nini?"

Kwa miaka sita hukukosa hata mara moja. Baba alipofungwa yeye alikosa mara nyingi, akasingizia pilipili, akasingizia mafua, akasingizia fundo la Mzee Sadiki. Ulikuwa unamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Alikuwa hakubali.

Kisha ikaja ile homa ya Machi. Uliinuka kitandani, lakini maharage yakaanza kuja mezani na chumvi mara mbili, siku nyingine bila chumvi kabisa. Tulikula tu. Jumapili ya kwanza baada ya homa ulifungwa kanga, ukaonja, ukaigeuzageuza glasi mkononi. Ukasema nyekundu. Ilikuwa nyeupe. Baba akawahi kusema, "Umepatia." Mzee Sadiki akainamia kahawa yake.

Baba anataka ujue kilichofuata. Kuanzia Jumapili iliyofuata aliitia mtungini ile nyeupe peke yake, na nyekundu akaiacha kabatini. Alivunja sharti lako ili kidole chako kikusaidie. Nasi tuliona, tukanyamaza naye. Ukawa unapatia tena, wiki kumi na moja mfululizo, na tulikupigia makofi. Tulidhani hujui.

Tangu ulipotutoka, Baba hajaonja tone. Chupa mbili za mwisho alizotuma Josepha zilibaki kabatini na karatasi zake. Tulifikiri ni huzuni ya kawaida. Juzi, alipokuwa ananiambia niandike haya, ndipo akasema linalomsumbua.

"Mama yenu hakuwahi kudanganya debe la mtu," alisema. "Mimi nimemdanganya yeye mpaka kaburini."

Niliandika kama alivyotaka, mpaka kwenye maneno yake hayo, nikadhani tangazo limekwisha. Ila kwa kuwa Mzee Sadiki ametajwa, niliona si adabu kulipeleka gazetini kabla hajalisikia. Jana alasiri nilimwita, nikamwamkia, akaketi kwenye kiti chake kilekile, Baba akiwa upande wa pili, nikasoma. Nilipofika kwenye habari ya mtungi, akainua mkono niache kusoma.

Akatuambia kwamba Jumapili ya pili ya ule mchezo wa Baba, ulipokwisha kuonja na Baba amerudisha chupa ndani, yeye alikuwa anakufungulia kanga. Ukamwambia kwa sauti ya chini, naye ameyashika maneno yako hivi:

"Fundi, moja baridi, moja si baridi. Ulimi wangu umekwenda, naujua, na mzee wangu ananidanganya. Usimwambie kwamba najua. Akijua ataacha, na Jumapili zitakuwa zimekwisha."

Baba alimuuliza kwa nini amekaa nalo mwaka mzima. Mzee Sadiki akasema ilikuwa amana, na amana haidaiwi na mtu mwingine. Hakujua kwamba humu ndani kuna mtu jambo hili linamla. Angejua, angekuja siku ileile ya arobaini. Sasa amelisema, na akaomba radhi kwako, Mama, akiitazama picha yako ukutani.

Kwa hiyo ulifanya na Baba kama ulivyofanya na yule mzee wa Tura. Uliona moshi, hukusema mbele za watu. Wiki kumi ulikaa pale na kanga machoni, ukishika glasi, ukijifanya unafikiri. Baba alilia, na mimi nililia, na sioni haya kuliandika gazetini.

Baba alipomaliza alijipangusa, akaenda kabatini, akazitoa zile chupa mbili. Akazipeleka nyuma ya jiko. Nilimfuata nikamwona anazilaza mtungini, zote mbili.

Leo, Jumapili, baada ya misa, tumetoa meza uani. Mzee Sadiki amemfunga Baba kanga yako ile ya bluu, akavuta fundo mara mbili. Nikamimina, nikampa glasi. Baba akaonja, akaonja tena, akasema kwa uhakika kwamba hii ni nyekundu, kinywaji cha wanaume.

Ilikuwa nyeupe.

Nilimtazama Mzee Sadiki. Naye akasema, "Umekosa, mzee mwenzangu."

Baba hakuifungua kanga. Kisha akasema, polepole, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Hakusingizia pilipili. Akaomba aongezwe ileile.

Unakumbukwa na mumeo Nestory. Wanao Raymundi, Josepha wa Dodoma na Mwanne. Wakwe zako na wajukuu wote. Wafugaji nyuki uliowaonjea. Na jirani yako, fundi Sadiki, ambaye ameomba atajwe mwisho, kwa kuwa shahidi hukaa pembeni.

Mama, tutakukumbuka daima. Na Jumapili tutakwambia kweli nani amekosa.