Viskasi Iliyoganda

Jumatatu, 24 Desemba 2007
Leo tena chini ya gari, mgongo kwenye vumbi la Laini Saba. Fobaifo ya mteja, gari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, inagoma kukata kona. Tairi zinalia, inajivuta kama ng'ombe anayepelekwa kuchinjwa. Nilijua kabla Mzee Wafula, bosi wangu, hajafungua mdomo: viskasi. Lile kopo la chuma kwenye propela, ule mhimili unaopeleka nguvu tairi za nyuma. Tairi za mbele zikiteleza, mafuta ya ndani yanapata moto, yanakuwa mazito, nguvu inaenda nyuma. Zikitulia, yanaachia. Hii imeganda kabisa. Mwenye gari alifunga tairi mpya mbele, nyuma akaacha vipara, zikawa hazizunguki sawa. Halafu akatuachia gari, huyoo, Krismasi, Kitui.
Mzee amesema tutoe propela, itembee kwa mbele tu. Dawa ya hapa ni hiyo. Nimeitoa peke yangu. Nani mwingine Kibera nzima?

Jumapili, 30 Desemba
Wametangaza matokeo ya uchaguzi. Moto kila upande. Mzee amekwama kwake Kawangware.
Naogopa. Hiyo naandika hapa tu.

Jumanne, 1 Januari 2008
Hakuna mwaka mpya. Vijana wamemwambia Mama Ciru, jirani yangu wa ukuta mmoja, ahame na watoto kabla ya Ijumaa. Kosa lake ni kabila. Huyu amenilisha chapati tangu sina kazi.
Dadake yuko Kawangware. Barabara zimefungwa. Imebaki njia ya tope, kule chini mtoni. Gari ya kuvuta mbele tu itazika pua.

Jumatano, 2 Januari
Nimerudisha propela kwenye ile fobaifo ya mteja, na viskasi ileile. Kwa vile imeganda, magurudumu manne yatavuta pamoja. Kwenye tope, baraka. Kwenye lami itajipiga yenyewe mpaka kitu kivunjike. Najua.
Mama Ciru akaniuliza, "Kioko, na huo mdomo wako, hii kitu itafika?"
"Mama, wewe jua unga. Gari niachie."
Nikarudi chini, nikakaza boliti zilezile mara ya pili.

Alhamisi, 3 Januari
Tulitoka alfajiri. Mama, watoto wawili, godoro. Tope hadi milangoni. Ikavuta. Polepole, bila kuteleza. Sikujisifu. Mtoto mdogo alikuwa analia chini ya blanketi.
Kwenye lami ikaanza kugonga. Pa kusimama nitoe propela, hakuna. Kona ya mwisho Kawangware, giaboksi ikapasuka. Tukasukuma mpaka kwa dadake. Wamefika wazima.
Mzee Wafula akaja, akaangalia mafuta yakimwagika. Nilingoja matusi. Akasema tu kwamba yeye pia ameambiwa ahame. Kule, kabila baya ni lake.

Jumapili, 13 Januari
Mzee analala huku Kibera sasa, kwenye nyumba ya Mama Ciru. Mama mwenyewe alimpa ufunguo, nyumba isikae tupu ikachukuliwa. Hakuna aliyeuliza Mama atarudi lini.
 Mzee akimaliza kupika, anaosha sufuria ya mama, anairudisha palepale alipoikuta.