Vitufe vya Baba

Mabwerebwere,
Kilosa.
17 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu Hezekia,

Marahaba, maana najua ungekuwa mbele yangu ungeanza na shikamoo hata kabla ya kuvua viatu. U hali gani huko mafunzoni? Mguu ulioteguka umepona? Chakula kinakutosha? Huku mimi ni mzima, mvua zimeanza na njia ya kwetu imeshakuwa tope tupu. Baba yuko vilevile: mkono wa kulia bado umelala na maneno hayatoki, lakini anakula vizuri na usingizi anaupata.

Unisamehe mwandiko. Nimeinuka kitini mara tatu tangu nianze ukurasa huu, nikafunga dirisha, nikalifungua tena. Simu zenu zimekusanywa, na wiki iliyopita nilikuhitaji kuliko mtu yeyote. Basi nakueleza kwa karatasi.

Ni kile kidirisha ulichomtengenezea Baba kwenye kompyuta. Tangu uondoke Januari kilikuwa hakijatusumbua hata siku moja. Kilikaa pembeni mwa kioo, na Baba akibonyeza F6 kwa kidole cha kushoto, sauti yako inasema "Naomba maji." Akibonyeza F7, "Naumwa." F8, "Niitieni Vaileth." Hata kidirisha kikiwa kimefichwa na kompyuta inapiga nyimbo za kwaya, vitufe vilisikia. Majirani wengine walidhani hujaondoka.

Mwanzoni mwa mwezi, Baba mkubwa Boniface akaita kikao cha familia kwake Mikumi, Jumamosi ya tarehe 15. Jambo lilikuwa moja: Baba ahamie kwake. Alisema mimi nashinda shuleni, Baba anabaki na dada wa kazi, Magreti, peke yake, na kule Mikumi nyumba ina watu kutwa. Nilikasirika, Hezekia. Kanisa lake liko hapa, kaburi la Mama liko hapa. Niliona kama wanakuja kumchukua mtu kama mzigo. Nikajibu kwamba Baba atasema mwenyewe.

Kwa hiyo nikafungua lile faili lako la skripti, lenye maagizo ya kidirisha, nikaongeza sentensi mbili. Wewe hupo, nikazirekodi kwa sauti yangu: F9, "Nataka kubaki Kilosa," na F10, "Nataka kuhamia Mikumi." Nilirekodi zote mbili asije mtu akasema nimempangia majibu. Tukajaribu, zikasikika.

Jumatatu nikarudi kutoka shuleni, nikamkuta Magreti analia jikoni. Alikuwa nyuma anafua, akijua akihitajika atasikia sauti yako. Baba alikuwa amebonyeza F6 sijui mara ngapi. Midomo imekauka, kidole bado kiko juu ya kitufe, na kompyuta kimya kabisa. Aliponiona akageuza uso ukutani.

Nilidhani ni mkono wangu. Labda nimesahau alama ya kufunga maneno, labda nimefuta mstari. Nikasoma faili kuanzia juu hadi chini, nikazima kompyuta na kuiwasha. Kidirisha kinatokea vizuri. Ukigusa sentensi kwa kipanya, inasema. Ukibonyeza kitufe, hakuna kitu. Na kipanya Baba hakiwezi, unajua mwenyewe. Jumanne nikafuta sentensi zangu zote mbili, nikakirudisha kama ulivyokiacha. Bado. Jumatano darasani nikaandika F7 ubaoni badala ya hesabu, watoto wakanitazama.

Alhamisi nikaibeba kompyuta hadi kwa Elikana, yule fundi wa kompyuta wa karibu na stesheni. Hakuahidi kitu. Alinionyesha mistari yako akanieleza kwamba kidirisha kinapowaka huiomba kompyuta ikipe vile vitufe, na kompyuta hujibu ndiyo au hapana. Wewe uliandika ombi tu. Mstari wa kusoma jibu haupo.

"Mwalimu, hiki kimeomba kikaondoka," akaniambia. "Kimeshanyimwa, na chenyewe hakijui."

Kimenyimwa na nani, hakujua. Alisema kuna programu nyingine imetangulia kuvichukua, na kitufe hakipewi wawili. Akaniandikia mistari minne ya kuongeza: kitufe kikikataliwa, kidirisha kitoe maandishi mekundu. Nikaiweka, na sentensi zangu mbili nikazirudisha. Vyote vitano vikatoka vyekundu. Nilifurahi kama mjinga, maana angalau sasa kilikuwa kinasema ukweli.

Mwenye kuvichukua nilimpata Ijumaa bila akili yoyote. Nilikuwa naandaa mtihani kwenye hiyo kompyuta, neno moja limewekwa kivuli, mkono ukagusa F7 kwa mazoea. Kamusi ikafunguka katikati ya kioo. Ndipo nikakumbuka: Jumapili dada yetu Yusta alikuja kutusalimia, akaazima kompyuta kwa kazi zake za chuo, akaweka programu ya kamusi. Ile inawaka yenyewe kompyuta inapowashwa, mapema kuliko kidirisha chako, na inajitwalia ile safu ya vitufe vya juu. Kama hujachagua neno, inanyamaza. Kwa hiyo Baba alikuwa anaomba maji kwa kamusi.

Sikubadilisha vitufe, maana kidole cha Baba kimeshavizoea. Niliizuia kamusi isiwake yenyewe, nikazima, nikawasha. Hakuna wekundu. Baba akabonyeza F6, ukasema "Naomba maji." Akabonyeza tena na tena, ukawa unaomba maji mpaka Magreti akacheka.

Jumamosi tukaenda Mikumi kwa gari la kukodi. Kabla ya kikao Baba mkubwa alikaa na Baba barazani, akamshikia ubishi kwamba shamba la Malolo lilikuwa na migomba kabla ya babu kufariki. Baba anakataa kwa kichwa, anapiga meza kwa kiganja, uso umemwiva. Mimi nilitaka kuwaachanisha. Nikaona anachoshwa.

Kikao kikaanza kwa sala. Baba mkubwa akasema, "Lucas, mdogo wangu, hatutaki kukusemea." Nikaweka kompyuta mbele ya Baba. Sikuwa na wasiwasi wowote.

Akabonyeza F10. Hezekia, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema mbele ya watu wote, "Nataka kuhamia Mikumi."

Nikasema ni hitilafu. Nikawaeleza habari za kamusi, nikasema vitufe vimechanganyika. Nikafungua faili mbele yao nikasoma mstari kwa mstari. F9 ilikuwa F9, na F10 ilikuwa F10. Haikunitosha. Nikazibadilishia nafasi zile sentensi, Kilosa nikaipeleka F10 na Mikumi F9, nikamweleza Baba taratibu, nikamwambia achague upya. Akanitazama muda mrefu. Kisha akasogeza kidole hadi F9.

Baba akanipungia mkono nimfungulie ukurasa mtupu. Akaandika kwa kidole kimoja, akikosea na kufuta, sisi tumesimama tu:

boni ananibishia

Nilihisi kama nimepigwa. Kwa sababu ni kweli, mdogo wangu. Huku Kilosa mwaka mzima hatujambishia. Akitikisa kichwa tunasema ndiyo Baba, akinuna tunamfunika shuka. Alikuwa mtu wa maneno na sisi tukamfanya mtu wa kuhudumiwa. Nilimwomba radhi pale pale, akanishika kidole gumba, akakibana.

Nimerudi jana peke yangu. Kompyuta imebaki naye, na Baba mkubwa nimemfundisha kwamba akiona wekundu anipigie. Leo saa ya chakula nimetoka shuleni mbio kuja nyumbani kama kawaida, nimefika mlangoni ndipo nikakumbuka hakuna wa kumwangalia. Magreti ameshafagia kila kitu na anazunguka tu kama mimi. Sijui kama nina huzuni au nina aibu. Ninachojua ni kwamba siwezi kukaa.

Ukipata ruhusa, shukia Mikumi kwanza, kwangu utakuja baadaye.

Yusta anakusalimu na anaomba radhi kwa ajili ya kamusi. Magreti anakusalimu. Baba mkubwa Boniface anasema miwa ya Ruhembe mwaka huu ni mizuri, njoo na meno yako. Elikana naye anasema uwe unasubiri majibu.

Jambo la mwisho. Asubuhi Baba mkubwa alinipigia. Baba ameandika kwamba anataka kitufe kipya, F11, na sentensi yenyewe ni hii: "Si kweli, Boni." Ameandika pia kwamba irekodiwe kwa sauti yangu. Nimeirekodi mara sita kabla ya kwenda shuleni. Ya sita ndiyo iliyotoka imara, nikaituma Mikumi kwa simu.

Mungu wa Mama yetu akulinde huko uliko na akurudishe mzima.

Dada yako anayekupenda na kukuombea,
Vaileth