Swali la Mfereji

Baba,

Shikamoo. Bado sijazoea kuanza bila kukuamkia.

Masika yamepita mara moja tangu tukuzike kando ya migomba. Niko kidato cha tatu. Mama hajambo. Chama cha msingi cha ushirika hakituletei tena dawa ya mibuni. Siku hizi inauzwa madukani mjini, na mwaka huu Mama alipata ya kutosha nusu ya shamba tu. Akasema, "Dawa hii ikipotea bure, kahawa tunang'oa, tunapanda nyanya." Mibuni ya Babu, Baba. Ilibidi mtu achague ipi inyunyiziwe. Nikasema tunao mti wako wa maamuzi.

Unakumbuka uliporudi kutoka kwenye mafunzo ya mabwana shamba, ukatandaza karatasi ya manila mezani? Ulikuwa umeona kompyuta inayobashiri kwa kuuliza. Swali moja juu, ndiyo kushoto, hapana kulia, hivyo hivyo mpaka chini unapokuta jibu: mbuni huu utaugua chulebuni, ule ugonjwa unaokausha buni, au hautaugua. Mimi nikatunga maswali kumi na moja kwa mibuni thelathini ya upande wa nyumba, nikaipatia yote. Niliuliza hata kama mbuni uko karibu na zizi la mbuzi, kwa sababu mmoja uliougua ulikuwa hapo. Nilijisifu mpaka chai ikapoa.

Ukanipeleka kwa jirani yetu, Baba Elifuraha, tujaribu kwake. Nilikosa karibu nusu. Alicheka sana. "Binti, mbuzi wangu nimeshauza, sasa ugonjwa utakaa wapi?" Wewe hukucheka. Ulisema, "Umelikariri shamba letu. Hujalielewa."

Ndipo ukatoa daftari la pili, ulimoandika ipi iliugua kati ya mibuni thelathini ya bondeni, ambayo sikuitumia kutunga maswali. Tulifuta swali moja, tukahesabu makosa kwenye daftari hilo. Yakipungua, au yakibaki vilevile, swali halirudi. Kila swali nililopoteza liliniuma. Yakabaki manne.

Kisha ukaugua. Ukiwa kitandani uliongeza la tano, kwa mwandiko ulioinama: Je, mfereji unapita karibu? Ulikuwa umekumbuka mibuni mitatu iliyougua kando ya mfereji. Hukupata nafasi ya kulijaribu.

Nimelijaribu mimi, Baba, kwenye daftari lile la bondeni. Likiwepo, makosa ni manane. Likiondoka, ni matano. Nilihesabu mara tatu, nikitamani niwe nimekosea. Sikuweza kulifuta. Hakuna kingine ulichoandika baada ya hapo. Nililiacha wiki mbili, maua yakadondoka, na kila asubuhi Mama akauliza tunanyunyiza lini. Mwishowe akaja kuketi mezani, yeye ambaye hakuwahi kuketi nasi kwenye mambo haya, akaitazama karatasi kwa muda. "Hilo lingekuwa lako," akasema, "baba yako angeliacha?"

Nikapitisha mstari juu yake. Nilitumia kalamu yako. Nisamehe.

Tulinyunyiza kwa maswali yale manne. Mti ulikosea mibuni sita, na kwenye miwili kati yake buni zilikauka nyeusi matawini. Sikuficha, nimeandika. Iliyobaki imezaa safi, nyekundu mpaka ncha za matawi. Jana Baba Elifuraha alipita kuuliza kama, tukishang'oa, anaweza kuchukua visiki. Mama alikuwa anazungusha mashine ya kumenya kahawa, wala hakuinua kichwa.

"Kuni tafuta kwingine, shemeji."

Nilitamani uwe umesikia.

Lala salama, Baba yangu. Nakuahidi kwamba mwakani nitaupeleka mti huu Usa River, kwenye shamba la mama mdogo, kwenye joto, ambako sijawahi kuhesabu hata mbuni mmoja. Ukishindwa huko, sitauongezea maswali ili nionekane hodari.

Mwanao,
Ndeshi