Pleti ya Kwodi na Mlango wa Jikoni

Jumatatu, 3 Machi

Dawa ya kupunguza maji mwilini kabla ya uji, dawa ya moyo baada ya uji. Miguu imevimba tena, sasa hadi juu ya vifundo. Binti yangu Nafula ameibonyeza kwa kidole, akarudi kukoroga sufuria. Alama ya kidole chake ilibaki kwenye ngozi kama shimo kwenye unga.

Daktari alizungumza nami peke yangu wiki iliyopita. Moyo umechoka na hautapona. Sijamwambia Nafula. Ninaogopa uso wake kuliko ninavyoogopa kufa.

Mume wake, Lemayian, amefika kutoka Kajiado. Amekuja na kwodi, ile pikipiki ya magurudumu manne, ikiwa imefungwa juu ya pikapu ya jirani. Aliinunua kuukuu kwenye shamba la maua kule Isinya. Haipandi kilima cha kwao ikivuta tela la maji. Inafika katikati, inakohoa, inazima. Nafula anamalizia safari na mtungi mgongoni. Nimefundisha injini chuo cha ufundi hadi nikastaafu, na mtoto wangu anabeba maji mgongoni. Imeniuma.

Lemayian yuko uani. Mimi niko jikoni. Mlango umerudishwa nusu. Kwetu Bungoma mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, hawakai chumba kimoja. Kwao Wamaasai nao wana heshima kama hiyo, kwa hiyo tumeshindana kuheshimiana tangu harusi. Ninajua kikohozi chake. Ninajua viatu vyake. Uso wake ninaujua kutoka kwenye picha.

Hiki ndicho ninachotaka kabla sijaondoka: kuketi naye mara moja bila mlango katikati. Nimekiandika. Basi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tumefungua injini. Yaani mimi nilimwambia Nafula, Nafula akamwambia yeye, na sote watatu tulikuwa tunasikiana vizuri.

"Nafula, uliza Mama kama hii bolti inafunguka kushoto."

"Nafula, mwambie inafunguka kama bolti zingine zote."

"Nyinyi mnifungulie line," Nafula alisema. "Mimi nimekuwa simu."

Lemayian alicheka nje kule. Kicheko kifupi, cha mtu aliyefunika mdomo. Nilikipenda.

Pleti ya taiming iliingia jikoni juu ya kisosi cha chai. Kipande cha chuma, si kikubwa kuliko chapati ndogo. Ndicho kinachoshika koili inayoiambia plagi itoe cheche saa ngapi. Kiwandani wametoboa matundu mawili ya skrubu, ya mviringo, ili pleti isisogee. Matundu hayo yakirefushwa kwa tupa, yakawa kama mboni za jicho la mbuzi, pleti inaweza kuzungushwa kidogo. Cheche inawahi. Injini inapata nguvu zaidi.

Nilichora mipaka kwa sindano. Nafula alinishikia kiwiko. Kisosi kikarudi nje.

Kisha sauti ya tupa. Nimesikiliza wanafunzi wengi wakipiga tupa, na wenye haraka unawajua bila kuwaona. Huyu hana haraka. Anasukuma, anainua, anapuliza vumbi, anasukuma. Nililala kitini kwa sauti hiyo. Sijalala vizuri namna hiyo tangu Krismasi.

Jumamosi, 8 Machi

Imefungwa. Uamuzi wa pleti izungushwe kiasi gani ulikuwa wangu. Nilifikiri hivi: nyanda zetu ziko juu, hewa ni nyepesi, moto ndani ya silinda unakwenda polepole, kwa hiyo cheche iwahi. Nikaagiza izungushwe hadi mwisho wa tundu. Nilijiamini. Ilikuwa raha kujiamini tena.

Lemayian alivuta kamba ya kuwashia mara moja tu. Sauti kali, changamfu. Hata majirani walichungulia.

"Nafula, ambia Paker asante sana."

Hilo Paker ni mimi. Kwa Wamaasai, aliyetoa zawadi na aliyeipokea huitana kwa jina la kitu kilichotolewa, likitanguliwa na Pa. Yeye aliniletea kondoo, ker kwa lugha yao, siku ya harusi. Tangu hapo ninaitwa Paker, na mimi nilipaswa kumwita vivyo hivyo. Sijawahi. Nimekuwa nikisema "mkwe" tu. Ningependa kuandika kwamba sababu ilikuwa ulimi. Ilikuwa maringo. Nilikuwa na shahada ukutani, sikutaka jina la kondoo.

Ameondoka na kwodi yake. Nafula amebaki nami.

Jumanne, 11 Machi

Lemayian amepiga simu. Amepanda kilima na tela limejaa, bila kusimama. Nililia kidogo. Nafula alitoka nje kumalizia mazungumzo, akakaa huko sana. Aliporudi alianza kufua vitambaa ambavyo vilikuwa safi. 

Ijumaa, 14 Machi

Lemayian amevunjika mkono.

Alikuwa anawasha, injini ikapiga kinyume, kamba ikamvuta kwa nguvu. Kifundo cha mkono wa kulia. Wamemfunga plasta kliniki ya Kajiado.

Nilijua kabla Nafula hajamaliza sentensi. Cheche imewahi mno. Moto unawaka pistoni ikiwa bado inapanda, unairudisha ilikotoka. Somo la mwaka wa kwanza.

Kisha akaniambia lingine. Kilimani injini imekuwa ikigonga tangu siku ya kwanza, kama kokoto ndani ya mkebe. Lemayian aliisikia. Akamkataza kunieleza. Alisema mama mkwe haambiwi amekosea.

Nimekasirika siku nzima. Kwanza naye. Halafu na mimi mwenyewe. Mwanafunzi yeyote angeinua mkono, nami ningemsifu. Huyu alinyamaza kwa heshima hadi mfupa ukavunjika. Injini isiyo na mzigo haigongi, haisemi kitu, na mimi niliihukumu nikiwa jikoni, nyuma ya mlango, kwa heshima hiyo hiyo. Tumeheshimiana hadi kliniki.

Jioni nilimwambia Nafula kuhusu moyo. Sikuwa nimepanga. Alisema anajua. Alisema alijua siku ile kidole chake kilipoacha shimo. Tulikaa tumeshikana mikono, chai ikapoa.

Jumapili, 16 Machi

Nilituma neno Lemayian aje na kwodi na tela lake. Jirani yake akamleta na pikapu. Nilipomsikia uani nilimwambia Nafula anitolee kiti nje.

"Nje wapi, Mama?"

"Pale kwenye injini."

Nilivuka kizingiti nimeshikilia fremu ya mlango. Yeye akainamisha macho, akaanza kurudi nyuma kuelekea geti, plasta imening'inia kifuani.

"Paker," nilisema. "Keti."

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ana mvi kwenye ndevu. Hakuna aliyeniambia.

"Inagonga wapi?"

Alimtazama Nafula. Nafula akatazama mawingu.

"Pale kwa mawe, Mama. Tela ikiwa imejaa."

"Na hukusema."

"Ungekuwa ni wewe, ungesema?"

"Ningesema."

"Uongo," Nafula alisema.

Tulifanya kazi hivi: yeye alishika pleti kwa mkono wa kushoto, mimi nikaizungusha kuirudisha nusu ya njia, kisha nikakaza skrubu. Vidole vyetu viligusana kwenye grisi. Mbingu haikuanguka. Nafula alivuta kamba, maana sisi wawili hatukuwa na mkono mzima. Akafunga tela lenye mitungi ya maji, akapanda nalo kijia cha nyuma ya kanisa, akashuka, akapanda tena. Tulisikiliza tumeinamisha vichwa. Hakuna kokoto.

"Sasa kondoo amezeeka," Lemayian alisema. "Umenipa pleti. Kuanzia leo wewe ni Papleti."

Nilicheka hadi nikakohoa hadi wakaniletea maji.

Jumapili, 23 Machi

Siamki tena ila kwa kusaidiwa. Mvua imeanza, nyepesi. Nafula amekwenda kwao Kajiado na kwodi kuangalia ng'ombe, anarudi kesho. Lemayian amebaki nami, kwa kuwa mkono wake hauwezi kazi ya boma. Amehamishia kiti chake humu chumbani, karibu na dirisha. Hakuuliza.

Saa nne Nafula alipiga simu kutoka chini ya kilima, akaiacha wazi mfukoni. Tulisikiliza, simu ikiwa juu ya blanketi. Injini ilivuta, ikavuta, ikapita pale kwenye mawe. Safi. Kisha ikazimwa, na tukasikia maji yakimiminwa kwenye pipa.

"Amefika," Lemayian alisema.

Alinimiminia chai kwa mkono wa kushoto, nusu ikaenda kwenye kisosi. Nikanywa iliyo kwenye kisosi.

Sasa amesinzia kitini. Anakoroma kidogo, kwa pua. Hilo sikulijua.